Namba Kumi na Saba

Umeme ulirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kufikia saa moja Odoch alikuwa na simu ishirini na sita kichwani. Si mawazo ya simu, simu zenyewe. Rafu ya kuchajia ilipigiliwa juu ya mahali anapokaa, na kila aliposimama haraka ilimkumbusha kwamba ipo.

Kibanda chake kilikuwa Kyambogo, chini ya hosteli za wanafunzi, upana wake mlango mmoja na nusu. Mbele kulikuwa na ubao aliouandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: BILA NUSU YAKO HUPEWI KITU. Unaleta simu, Odoch anaandika namba mara mbili kwenye karatasi ngumu, anaichana katikati, nusu moja anaibandika kwenye simu kwa selotepu, nusu nyingine unaondoka nayo. Ukiipoteza, hata kama simu ina picha yako na mama yako anapiga saa hiyo hiyo, unasubiri mpaka jioni wenzako wote wachukue zao. Mhadhiri mmoja aliwahi kusubiri hivyo, juu ya kreti la soda, na tai shingoni. Tangu siku hiyo watu wakamwita Odoch Enjinia. Alikuwa ameishia kidato cha nne, ila hakuwakataza.

"Kaka Odoch, batri zangu ziko tayari?"

Ni Barnabé, kinyozi Mkongomani wa duka la tatu kutoka hapo. Wateja wake walikuwa wamelalamika kwamba akiwainamia kunyoa kisogo ananuka sigara, basi akaacha sigara akahamia ile ya umeme, ambayo sheria imeikataza na kila mtu anajua wapi inapatikana. Tundu lake la kuchajia lilikuwa limekufa, kwa hiyo kila jioni alitoa betri mbili zilizomo ndani, nene kuliko za tochi, zimevaa ngozi nyembamba ya plastiki ya buluu, akamletea Odoch pamoja na chaja yake.

"Namba?" akauliza Odoch.

"Si unanijua."

"Mi najua namba tu. Uso wako nauona leo kwa mara ya kwanza, na kusema kweli sijaupenda."

Barnabé akacheka, akatoa nusu yake. Kumi na saba.

Odoch akachukua betri ya kwanza akavuta selotepu. Ikatoka vizuri. Ya pili ilikataa. Akavuta kwa nguvu, kama anavyovuta kila siku kwenye migongo ya simu, na karatasi ikatoka na kipande cha ngozi ya buluu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, karibu kabisa na kichwa cha betri. Chini yake chuma kikang'aa.

Aliona. Hilo ndilo litakalomsumbua baadaye, kwamba aliona. Lakini nyuma ya Barnabé kulikuwa na wanafunzi saba wenye mtihani wa saa mbili.

"Imechubuka kidogo," alisema. "Hakuna shida."

"Kweli?"

"Barnabé, mimi ni nani?"

"Enjinia," alisema Barnabé, akazitia betri mfukoni mwa suruali, pamoja na funguo za duka. Alikuwa na kikasha cha plastiki cha kubebea betri hizo, lakini Odoch alikiazima wiki mbili zilizopita akakijaza skrubu.

Hakufika duka la pili. Kwanza paja lake lilitoa sauti kama chapati inapoingia kwenye mafuta. Safinah, aliyekuwa anapika roleksi zake, chapati za kukunjia mayai, pale kando, aligeuka akidhani ni kikaango chake. Kisha moshi, kisha moto mweupe ukatoka mfukoni. Barnabé alipiga kelele moja tu, fupi, akaivua suruali hapo hapo barabarani, akabaki na chupi ya kijani mbele ya wasichana wa hosteli nzima. Safinah alimmwagia beseni lake la maji pajani, halafu akaipindua sufuria juu ya suruali iliyokuwa inawaka. Wanafunzi walirekodi. Simu zote zilikuwa asilimia mia. Asubuhi hiyo Odoch alikuwa amefanya kazi nzuri sana.

Watu wakamgeukia yeye, maana Enjinia ni yeye.

"Nini hiyo? Bomu?"

Odoch alifungua mdomo. Alijisikia akisema, kwa sauti kubwa ya mtu mzima, "Nimemwambia mara ngapi aache hiyo sigara yake."

Hakuwahi kumwambia hata mara moja. Barnabé, aliyekuwa chini amelishika paja, aliinua kichwa akamtazama, si kwa hasira. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka mazungumzo ambayo hayakuwepo.

Bodaboda wakambeba kwenda kliniki. Umati ukaisha. Safinah akarudi kwenye chapati zake, akapika mbili, ndipo akasema bila kugeuka:

"Enjinia, kumbe wewe ulimshauri."

Odoch alianza kupanga nyaya za chaja.

"Mimi niko hapa miaka minne, masikio yangu mazima. Siku hiyo uliyomshauri labda nilikuwa msikitini."

Odoch aliinama kuokota vipande vya karatasi sakafuni. Namba kumi na saba ilikuwa imegandamana na soli ya kiatu chake, ngozi ya buluu bado iko kwenye selotepu. Akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na nusu ya mchoro: betri iliyochanika ngozi, na juu yake alama nyekundu ya kukataza.

Aliutambua. Siku ya kwanza Barnabé alikuja na chaja kwenye boksi lake, na ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, michoro mitupu. "Soma, wewe umesoma," alimwambia. Michoro ilikuwa sita. Usichaji betri iliyochanika. Usiiache inachaji peke yake. Usiweke mfukoni na funguo au sarafu. Mtoto wa chekechea angeielewa. Odoch aliitupia jicho, akasema haya yote anayajua, na kwa kuwa ilikuwa karatasi ngumu, nzuri, kama kadi ya harusi, alichukua mkasi akaikata vipande vya kuandikia namba.

Saa sita mchana polisi mmoja akaja kumwita Odoch kituoni kama shahidi.

Kituo kilikuwa chumba kimoja na veranda. Barnabé alikuwa kwenye benchi la nje, mguu umenyooshwa, bandeji kutoka kiunoni hadi karibu na goti, amevaa kitenge ambacho Odoch alikijua. Kilikuwa cha Safinah.

"Daktari anasema nini?"

"Nisisimame mwezi moja, na kesho kutwa nirudi kubadilisha bandeji," alisema Barnabé. "Kinyozi wa kukaa umeshaona wapi?"

Odoch alitafuta utani. Kila siku ulikuja wenyewe, leo haukuja.

Ndani, afande Nakhisa alikuwa na daftari, kalamu, na ile sigara ya umeme ndani ya mfuko wa nailoni. Kando yake ilikuwa kadi ya ukimbizi ya Barnabé. Taa haikuwaka, yuniti za umeme za kituo zilikuwa zimeisha tangu Jumatatu.

"Wewe ndio wa kibanda?"

"Ndiyo, afande."

"Huyu Mkongo anasema alichaji mwenyewe, kwake nyumbani. Anasema wewe hujui kitu. Ni kweli?"

Mlango ulikuwa wazi. Odoch aliona kisogo cha Barnabé pale benchini. Hakikugeuka. Alikuwa amemkinga mtu aliyemtupia lawama mbele ya watu wote, na amefanya hivyo akiwa amevaa kitenge cha kike.

"Si kweli," alisema Odoch. "Nilimchajia mimi."

"Kuchaji si kosa. Nataka kujua aliyemuuzia."

"Afande, kosa ni langu. Nilibandika namba, nikaitoa kwa nguvu, ikatoka na ngozi. Chuma kikabaki wazi. Niliona, nikampa hivyo hivyo." Akatoa kile kipande akakiweka juu ya daftari. "Hii hapa."

Nakhisa alikitazama, akakigeuza, akakirudisha kwa ncha ya kalamu.

"Wewe kijana, angalia hapa. Jina. Kabila. Kitu kilichokamatwa. Aliyeuza. Wapi naandika ngozi?"

"Andika nimemuunguza mtu."

"Mtu ameungua na kitu haramu. Kama hakukuwa na kitu haramu, angeungua?"

"Na kadi yake?"

"Inakaa hapa mpaka aseme aliyemuuzia."

"Bila hiyo kadi kliniki hawamtibu tena, afande. Amesema bandeji inabadilishwa kesho kutwa."

"Basi aseme leo." Alifunga daftari, akavuta droo, akaitumbukiza kadi. Kutoka droo hiyo hiyo akatoa simu yake, kubwa, kioo kimepasuka kona moja. "Si uko na umeme kule? Nichajie. Nitapita jioni. Namba za wakubwa wote ziko humo, usiichezee."

Ndivyo kukiri kwake kulivyoisha: aliingia na kosa, akatoka na kosa lile lile na simu ya afande.

Alisimama verandani. Angeweza kuiacha simu juu ya meza, lakini hakuwa na ujasiri huo, na alijua. Alichokuwa nacho mfukoni ni karatasi ngumu na kalamu. Aliandika kumi na saba, mara mbili. Akachana katikati. Selotepu hakuigusa, alichomoa uzi kwenye pindo la shati lake, akaifunga nusu moja kwenye simu, taratibu, mafundo mawili.

Nusu ya pili akamwekea Barnabé kiganjani.

"Ya nini hii? Betri zangu zimekufa."

"Ya simu ya afande."

Barnabé aliitazama karatasi, kisha mlango wa kituo, kisha karatasi.

"Ubao unasemaje?" aliuliza Odoch.

"Bila nusu yako hupewi kitu."

"Hata mhadhiri alisubiri. Na kadi yako iko kwenye droo yake."

"Kaka, huyu si mhadhiri. Atakuvunja."

"Pengine."

Barnabé hakucheka. Alikunja vidole juu ya karatasi, akauweka mkono ndani ya mkunjo wa kitenge.

"Asubuhi," alisema, "ulisema uliniambia niache."

"Nilisema."

"Watu wengi walisikia."

"Najua."

Odoch alisubiri aseme zaidi. Barnabé alikuwa anaurekebisha mguu kwa mikono miwili, kama mtu anayesogeza mzigo wa mwenzake. Odoch alitaka kumsaidia. Mkono wake ukafika nusu ya njia, ukarudi.

Alishuka kwenda kibandani. Alichomeka simu ya afande peke yake kwenye rafu ya chini, akamwaga skrubu zote kutoka kwenye kikasha cha plastiki, akakipangusa kwa shati, ndani na nje. Kisha akakaa mbele ya rafu, macho kwenye ile simu, na kila mteja aliyekuja alimwambia asubiri.

"Enjinia, vipi, leo hufanyi kazi?" aliuliza Safinah.

"Usiniite hivyo," alisema Odoch.