Nyusi za Sieni

Sieni alifeli Kiingereza, lugha aliyokuwa akiwaogeshea na kuwalishia wazee wa nyumba moja ya kutunzia wazee mjini Logan, Australia, kwa miaka saba. Tena alifeli kuzungumza! Bibi Doreen, mkazi mkongwe kuliko wote, alipoambiwa alicheka akidhani ni utani.

Wakubwa wa nyumba ile ya wazee walikuwa wameamua kwamba kila mhudumu aliyezaliwa nje ya Australia apimwe, na asiyefaulu apelekwe dobini na kazi yake ya kudumu ifutwe. Kevin wa jikoni hakupimwa. Yeye ni mzaliwa, na kutwa nzima huguna tu.

Mtihani wenyewe ulisimamiwa na mama mwenye mvi. Aliwasha kinasa sauti, akainamia karatasi yake na kuanza kusoma maswali. Unaipenda kazi yako? Sieni akainua nyusi. Unaelewana na wenzako? Nyusi juu. Kwao, visiwa vya Samoa, mtu akiinua nyusi amekwisha kusema ndiyo, na mbele ya mtu mzima kama yule Sieni hakulelewa kupayuka. Mama hakuruhusiwa kuuliza zaidi ya yaliyoandikwa, akaenda kwenye swali lililofuata, na lililofuata. Sauti ikapelekwa Sydney kwa msahihishaji asiyemjua Sieni wala uso wake. Matokeo yakarudi: maswali mengi hakuyajibu.

"Dada, umeponzwa na paji la uso!" alisema Vaitafe, Msamoa mwenzake, wakikunja mashuka.

"Usinichekeshe, Vai. Nina hasira ya kumtafuna mtu."

"Mimi nilipiga kelele kama niko mnadani. Wakanipa alama zote, washenzi hawa."

Sieni akaliacha shuka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Colleen, meneja wao.

"Sieni, sina la kufanya," Colleen alisema kabla hajaulizwa. "Mimi najua unaongea vizuri."

"Krismasi uliniuliza kama nitafanya zamu mbili. Nilikujibu nini?"

"Ulikubali."

"Kwa neno gani?"

Colleen akajigusa paji la uso. Mashavu yalimwiva. "Uli... ulifanya hivyo unavyofanyaga. Na nyusi."

"Ukaelewa?"

"Nilielewa."

"Miaka yote umenielewa. Pasaka ulinielewa, na Jumapili zote nilizokosa kanisa ulinielewa. Basi waambie hivyo hao wa Sydney!"

"Nimewaambia. Wanataka sauti. Utarudia mtihani baada ya miezi mitatu, na samahani, ada utalipa mwenyewe. Kuanzia wiki ijayo uko dobini."

Hivi kweli mtu anakuelewa anapokuhitaji, halafu anakuwa kiziwi siku unapomhitaji wewe? Sieni alitaka kulisema hilo, kwa Kiingereza kilekile kilichofelishwa, lakini aliona angelia, na kulia mbele ya Colleen hakutaka. Akageuka kuondoka.

"Sieni, subiri kidogo." Sauti ya Colleen ilikuwa imelainika, ile ya siku zote za kuomba. "Margaret anaumwa. Jumapili hii sina mtu kabisa. Kwa kuwa dobini hujaanza bado, utanishikia zamu yake?"

Sieni akamgeukia. Akasimama wima, mikono imetulia mbele ya aproni, akamtazama bosi wake usoni kwa utulivu kabisa.

Nyusi hazikusogea.

"Sieni?" Colleen aliita, huku ameegemea meza akilikodolea macho lile paji la uso, akisubiri jibu.