Yosefu Anayepuliza Uji

Lievine na mama mkwe wake, Avezoete, walikuwa na miaka miwili hawasemeshani, ingawa walikula meza moja mara tatu kwa siku. Maneno yote yalipitia kwa Joos, mume wa huyu na mwana wa yule.

"Joos, mwambie mkeo paka amelala kwenye unga."

"Joos, mwambie mama paka ni wake."

Paka alikuwa akiwasikiliza. Joos, mchoraji wa picha za makanisani hapo mjini Ghent, alifikisha ujumbe huku akitafuna, wala hakuonekana kuchoka na kazi hiyo.

Kabla ya Pasaka chama cha waoka mikate kilimwagiza picha ya altare: Mtakatifu Ana amempakata Bikira Maria, na Bikira naye amempakata Mtoto Yesu. Ndivyo walivyochorwa siku hizo, bibi chini, mama katikati, mtoto juu, kama magunia ghalani. Joos akatazama watu aliokuwa nao nyumbani.

"Mimi simkalii mapajani," alisema Lievine.

"Mwambie nami sina haja ya kumbeba," alisema Avezoete. "Magoti haya nayatumia."

Lakini waoka mikate walikuwa na haraka, na Jumatatu wakapangwa hivyo hivyo, mtoto wao Wouter wa miezi minane akiwa kileleni anatafuna utepe.

"Msitikisike," Joos akasema, akajificha nyuma ya ubao wake wa kuchorea.

Lievine alijaribu kukaa bila kukaa, akijiinua kwa vidole vya miguu. Mguu ukaingia ganzi, akajiachia mzimamzima. Chini yake mama mkwe aliguna.

"Haya," Lievine akasema, akitazama dirishani. "Kiuno cha pipa umekipima mwenyewe."

"Kiuno cha nani?"

Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza uso kwa uso, ingawa uso wa anayeulizwa ulikuwa umegeukia upande mwingine.

"Changu. Si ulimwambia Joos nina kiuno cha pipa?"

"Mimi? Mifupa yako inanichoma kama kuni. Nilimwambia hushibi, akuongezee jibini. Na wewe ukasema nikikoroma, watawa wa ng'ambo ya mto wanadhani ni ng'ombe anazaa."

"Sijawahi kukusikia ukikoroma, mama. Anayekoroma ni huyo hapo."

Nyuma ya ubao brashi ilisimama.

"Na mtoto kunyimwa jina la marehemu babu yake?" akauliza Avezoete.

"Mimi ndiye niliyelitaka. Joos akaniambia wewe umekataa."

Lievine alikumbuka alivyomzaa Wouter huku bibi wa mtoto amekaa chumba cha pili, kila mmoja akisubiri mwenzake aite.

"Hebu niambie," alisema Avezoete taratibu. "Ukinikasirikia, unampikia Joos nini?"

"Bata, kwa siagi. Ajue nani anamjali."

"Mimi humkaangia nguruwe na vitunguu. Kwa sababu hiyo hiyo."

Wote wawili wakautazama ubao. Ulikuwa mpana, lakini tumbo la Joos lilichomoza kushoto na kulia.

"Msitikisike," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mbona Yosefu simwoni?" mama yake akamuuliza.

"Picha ya Mtakatifu Ana haina Yosefu, mama."

"Hii inaye," alisema Lievine, akaenda kuleta kioo.

Wakamsimamia siku tatu. Joos akajichora pembeni, amepiga magoti mbele ya chungu, mashavu yamevimba akipuliza moto wa uji, matako yameelekezwa kwa waumini. Kila alipojipunguza tumbo, mmoja wao alikohoa.

Siku ya Pasaka mkuu wa waoka mikate alicheka mpaka padri akapoteza mstari. Mtawa mmoja mzee akauliza yule mnene ni nani.

"Mpishi wetu," alijibu Avezoete.

Wakati wa kurudi nyumbani, wanawake hao wawili walianza kugombana kuhusu kofia ya Wouter. Bibi aliona imembana, mama akaona imemkaa vizuri. Waligombana sokoni kote, kwa sauti, bega kwa bega, wakipokezana mtoto. Joos aliwafuata hatua chache nyuma. Walipofika darajani akasafisha koo.

"Mama, Lievine anachotaka kusema ni kwamba..."

"Hujaulizwa," wakamjibu wote wawili, wakaendelea na kofia yao.