Panya wa Odile Wamekataa Kukonda

Panya walikataa kukonda. Odile aliwatazama vizimbani, manyoya yanang'aa, matumbo yamejaa, akatamani kulia. Panya gani hawa, jamani? Majuma yote haya anawapa dexa, dawa ambayo kila kitabu kinasema itawamaliza nyama mwilini. Nusu yao aliwaongezea mawese, maana kazi yake ya kumaliza chuo ilikuwa kuonyesha kwamba mawese yanaukinga mwili na ubaya wa dawa hiyo. Sasa wenye mawese wanene, wasio na mawese wanene. Ataonyesha nini?

"Unawapa dawa ao unawapa sahani ya pondu?" Profesa Lukumani alimwuliza mbele ya wenzake, wakacheka. "Bon. Mwezi huu ukishindwa, unarudia mwaka."

Odile alipitia maduka ya dawa ya mjini, Makiso, akapata pakiti ya mwisho ya dexa. Nyingine zilikuwa kwenye boti kutoka Kinshasa, na boti hiyo ikifika ndiyo imefika. Haya, angeanza upya. Alirudi nyumbani Kabondo kwa toleka, akimfokea mwenye baiskeli kwa kila shimo kana kwamba yeye ndiye aliyelichimba.

Maabara haikuwa na kabati la kufungwa, kwa hiyo dawa aliisaga nyumbani na kuiweka kwenye kopo chini ya kitanda. Chumbani alimkuta mdogo wake Benie akijaribu gauni la harusi. Siku hizi kila mtu alimsifu Benie: amejaa, uso mviringo! Hata Odile alimsifu. Leo alimtazama vizuri. Mashavu yamevimba, nundu imeota nyuma ya shingo, na mikono imebaki vijiti.

"Benie. Umefanya nini na kopo langu?"

"Yaya, dada yangu, usikasirike. Nilikuwa natia kidogo ndani ya uji wangu. Barafiki yangu bote banakunywa dexa, inanenepesha. Mimi niko mifupa tu, bakwe batasema kwetu hakuna chakula. Nikajazia na vitamini C ya kusaga, panya basikose kitu."

"Vitamini C!" Odile alipiga kelele hadi jirani akachungulia. "Hiyo nayo inakinga mwili, kama mawese! Kumbe nimewalea panya kama watoto wa tajiri! Na wewe hujanenepa, mjinga wewe, umevimba! Dawa inakula nyama yako!"

Benie alianza kulia. "Basi naacha leo. Naapa, yaya."

"Usithubutu!" Hasira ilimtoka Odile, hofu ikaingia. Mwili uliozoea dawa hii ukikatiwa ghafla unaweza kuanguka na usiinuke.

Asubuhi alimpeleka hospitali, na daktari akasema hivyo hivyo: apunguziwe polepole, wiki kwa wiki, chini ya macho yake. Lakini dexa hospitalini ilikuwa imekwisha. "Mjini je, mtapata?" daktari aliuliza.

Odile aliisikia pakiti ndani ya mkoba wake. Aliichukia dawa, akamchukia profesa, akawachukia wakwe wote wa dunia hii. Kisha akaitoa, akaiweka mkononi mwa Benie.

"Kunywa kama daktari alivyosema. Siyo zaidi, unanisikia?"

Jumatatu panya walipewa mawese peke yake. Walikula vizuri sana.