Namba Haipandi

Kwa siku ya tano mfululizo fundi bomba alipiga magoti mbele ya ndoo yake ya bia, akachota kidogo, akatumbukiza kipimo cha sukari, kile cha kioo kinachoelea, akasoma. Akafikicha macho, akasoma tena. Namba imepanda!

"Haki ya Mungu, haiwezekani!" alifoka peke yake.

Na kweli haiwezekani. Hamira inakula sukari, namba inashuka. Sukari ikiisha, namba inasimama. Ikikaa siku tatu bila kutikisika, tia chupani, ziba, tulia. Ukiharakisha, hamira inaendelea kula humohumo chupani, gesi inakosa pa kutokea, chupa zinapasuka. Hayo aliyajua mno. Miezi mitatu nyuma chupa kumi na nane zilipasuka kwenye chumba cha mkewe cha kushonea, zikaliogesha gauni la bibi harusi lililobakiza vifungo tu. Aliapa kwamba namba ilikuwa imesimama siku zote tatu. Nani amsikilize? Tangu hapo mkewe alimwita Bwana Bomu, wala hakuwa anatania.

Sasa mke huyo alikuwa mlangoni mwa chumba hichohicho, utepe wa kupimia shingoni.

"Leo Jumamosi. Tulikubaliana: itie chupani iondoke humu, au imwage."

"Siwezi kuitia. Namba inapanda."

"Mara ishuke, mara ipande. Hiyo bia au bei ya nyanya?"

Fundi alichoka. Akainyanyua ndoo kwa hasira aipeleke kwenye mtaro, na hapo mama mkwe akatokea jikoni, kikombe mkononi, kopo la sukari kwapani.

"Jamani, mnamwaga? Na sukari yangu yote ile?"

"Sukari gani, mama?"

"Si hii ninayoitia kila asubuhi? Naionja, naona inazidi kuwa chungu. Nikasema, mtoto wa watu anahangaika, acha nimsaidie. Kikombe kimoja tu, baba."

Damu ilimchemka. Lakini mama mkwe hafokewi. Akaitua ndoo taratibu.

"Na ile ya kwanza, iliyopasuka, mama?"

"Aa, ile niliitia mara moja tu. Ile asubuhi uliyoenda kununua vizibo. Vikombe viwili."

Mke alimtazama mama yake, akamtazama mumewe. Kisha akalitungua gauni jingine lililoning'inia ukutani, akalipeleka chumbani kwao, akarudi, akaisogeza mwenyewe ndoo ya bia kwenye kona yenye kivuli. Mwisho akamnyang'anya mama yake kikombe na kopo la sukari, akapanda kwenye kiti na kuliweka kopo juu kabisa ya kabati.

"Isubiri mpaka isimame," alisema bila kugeuka. "Hata ikichukua mwezi, mume wangu."

Ilikuwa miezi mitatu hajaitwa hivyo.