Helena Afundisha Kudarizi

Helena alikuwa mwema wa moyo, ila ulimi wake ulikuwa na mbio; ulifika mahali kabla ya yeye mwenyewe kufika. Mwaka 1969 mumewe Kasiani, karani wa bandari, alihamishiwa Mtwara kutoka Tabora. Hata masanduku hayajafunguliwa yote, jirani yao Magreth, mke wa fundi wa winchi, akaja kuwakaribisha. Mezani akakuta kitambaa cheupe kilichodariziwa mawaridi na ndege wawili wanaogusana midomo.

"Yesu wangu! Nani kadarizi hiki?"

Watawa wa Tabora ndio waliokidarizi, na Helena alikinunua kwenye mnada wa kanisa. Hivyo ndivyo alivyokusudia kusema. Lakini Magreth alikuwa anakipapasa kitambaa kwa mshangao mtamu mno, na ulimi ukatangulia.

"Mimi."

Alhamisi iliyofuata akasikia hodi. Kibaraza kilijaa wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja na kipande cha amerikani mkononi. Magreth alikuwa mbele kama mnyapara.

"Tumekuja kujifunza, mwalimu."

Mwalimu huyo hajawahi kushona hata kifungo. Vifungo vya mashati ya Kasiani alishona Kasiani mwenyewe. Akawaambia kwamba mdarizi wa kweli huanza na usafi. Wakanawa mikono, wakafua vitambaa, wakavianika, wakavinyoosha kwa pasi ya mkaa, mpaka jua likazama.

"Sindano wiki ijayo," Helena akasema, akiwa na uso wa mtu anayejua anachofanya.

Jumatatu akapanda basi hadi Mikindani, alikotumaini hakuna anayemjua. Alikuwa amesikia kwamba nyuma ya duka la nguo la Gulamali anaishi mama wa mwenye duka, Zainabbai, ambaye kwa kudarizi hana mpinzani. Bibi huyo alivaa miwani minene, na maneno yake yalikuwa machache. Alimtazama Helena akichoma kitambaa, akafumba macho kidogo.

"Mama, hii sindano, si mwiko. Usikoroge."

Akamfundisha kupiga bandi, mshono ule wa kwenda mbele, juu na chini, wa kushikiza tu. Kisha akamfundisha kukunja upindo na kuunga vipande viwili mshono usifumuke. Basi ikawa desturi: Jumatatu Helena anajifunza Mikindani, Alhamisi anafundisha kibarazani kabla somo halijapoa.

Balaa lilikuja siku ya mshono wa mnyororo. Helena alikaa, kitambaa kimelala mapajani, akaonyesha jinsi ya kupitisha sindano ndani ya kitanzi ili pete ishike pete. Safari hii mkono ulimtii. Mnyororo ukatoka mzuri, umenyooka, na wanawake wakaguna kwa kuridhika. Akasimama ili waone vizuri. Kitambaa kikasimama naye, na gauni likapanda juu ya magoti. Alikuwa amekishona kwenye gauni lake, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Magreth akainamisha kichwa pembeni.

"Mwalimu, hapo kwenye gauni..."

"Ndiyo hapo hapo," Helena akasema upesi. "Mwanafunzi hushikiza kitambaa kwenye nguo yake, kisiteleze."

Wakatii. Jioni ile wanawake wazima walikwenda zao nyumbani wakiburuza vitambaa vilivyoshonwa kwenye kanga na magauni. Magreth aliingia sokoni na chake kikimning'inia mbele, na alipoulizwa akajibu kwa maringo kwamba huo ndio mtindo wa Tabora.

Baada ya hapo mambo yakaanza kumtatiza Helena. Wanafunzi walikuwa wanakwenda kasi kuliko yeye. Alipofungua mdomo kuwaeleza lile fundo dogo la kuzungusha uzi kwenye sindano, Magreth akadakia:

"Ah, mbegu ya iliki!"

Helena akashtuka. Jina hilo alilisikia kwa Zainabbai peke yake.

"Umelitoa wapi jina hilo?"

"Kwako, mwalimu. Umesahau?"

Helena akajiambia labda amesahau.

Jumatatu moja homa ikamlaza, akashindwa kusafiri. Jumatano, angalau anaweza kusimama, akaenda. Alipopita dukani na kuingia uani, akasikia sauti ya Zainabbai ikiwa kali kuliko kawaida.

"Nani mjinga amewafundisha kushona kitambaa na nguo ya mwili? Nani?"

Mbele ya bibi, juu ya mkeka, darasa lake lote lilikuwa limekaa. Magreth alikuwa ameshika mkasi, anafumua kitambaa kutoka kwenye gauni.

Wakatazamana. Helena alitamani sakafu impokee, lakini aliona kwamba wenzake nao wanatafuta pa kujificha. Mmoja alikuwa amekwisha kujifunika kanga usoni.

"Mwalimu, usitufikirie vibaya," Magreth akasema, jasho likimtoka. "Ulikuwa unakwenda polepole. Tukaona tusikuumize. Tukaja huku mbali usijue."

Zainabbai akavua miwani, akamtazama Magreth, akamgeukia Helena.

"Huyu mwalimu? Huyu wa Jumatatu?"

Kwa mara ya kwanza ulimi wa Helena ukakosa pa kukimbilia. Akaketi mkekani, akasema yote: watawa, mnada, ndege wale wawili. Kisha Magreth akakumbuka alivyopita sokoni akiringa, akaanza kucheka mpaka mkasi ukamponyoka, na kicheko kikawazoa wote, hata bibi mwenye maneno machache.

"Basi," Zainabbai akasema akifuta machozi. "Wote fumua. Anza upya."

Uamuzi ulipitishwa ndani ya basi wakirudi: Jumatano wote Mikindani, Alhamisi kibarazani kwa Helena kufanya mazoezi, kwa sababu kibaraza chake ni kipana na chai yake haina mpinzani. Cheo cha ualimu kilikwenda kwa Magreth, aliyekidai kabla hajapewa.

Mwezi wa mavuno ya korosho Helena alimaliza foronya yake ya kwanza, akaivisha mto kitandani, akamwita mumewe. Kasiani akainama, akaiangalia kwa makini kama anavyokagua shehena.

"Mke wangu," akasema, "huyu pweza ni mzuri sana."

"Ni waridi, Kasiani."

Akaangalia tena, akageuza kichwa huku na huku.

"Naliona sasa," akasema, akaulalia mto kabla hajaulizwa zaidi.