Chupa Kumi na Mbili Kichwa Chini

Mama mkwe wangu, Mama Sabina, hajawahi kukuta kitu kimekaa vibaya akakiacha. Akipita jikoni kwako, hata vifuniko vya sufuria vinajipanga. Ni sifa nzuri, ila mwaka jana nusura inizike.

Shamba letu liko Buswelu mteremkoni, mawe mengi kuliko udongo, na ni la kwake. Mahindi yaliungua misimu miwili mfululizo, maana mvua za vuli siku hizi zinakuja zinapojisikia. Nikamwomba nipande mizabibu, niinyweshe tone kwa tone kwa chupa za plastiki zilizotobolewa. Akakubali shingo upande, kwa sharti moja: mvinyo wangu wa povu ukiaibisha sendofu ya kumuaga binti yake Gladness, mizabibu inang'olewa.

Nilijipanga. Joto hili linaharakisha sukari na kuua ukali wa zabibu, na mvinyo wa povu usio na ukali ni soda tu. Basi nilichuma mapema, zabibu zikiwa chachu bado, majirani wakanicheka kwamba njaa imenizidi. Chupa za kioo nilipewa na hoteli moja, zimeshatumika, nikazichemsha, nikazijaza mvinyo. Friji sina, na sikuihitaji. Nilizificha katika ufa kati ya majabali mawili, ambako hata saa nane mchana kuna ubaridi, mvinyo ukaendelea kuchachuka humo ndani ya chupa na kujitengenezea povu. Mwisho nikazipanga kichwa chini, nikawa nazizungusha kidogo kila asubuhi kwa wiki tatu, ili machicha yashukie shingoni. Ukifungua, povu la kwanza linayatupa nje, na mvinyo unaobaki unang'aa.

Asubuhi ya sendofu nilikwenda saluni. Niliporudi, chupa zangu kumi na mbili zilikuwa barazani, zimesimama wima, zimefutwa vumbi, zimepangwa mstari.

"Mama Odeta," mama mkwe akaniambia kwa huruma kabisa, "ulikuwa umeziweka kichwa chini. Nimekusaidia."

"Asante, mama," nikasema. Mama mkwe hafokewi, na wiki tatu nyingine sikuwa nazo. Bajaji ikazipeleka ukumbini Buzuruga, na makorongo ya barabara yetu yakamalizia kuzikoroga.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe alikuwa shemeji yangu Masele, kifungua mimba wa mama mkwe, aliyetaka shampeni ya dukani tangu kikao cha kwanza. Muziki ukapigwa, akacheza na chupa ya kwanza, akaitikisa. Paa! Kizibo kikagonga feni. Vigelegele. Akamimina, na kilichotoka kilifanana na maji yaliyooshewa mchele.

"Jamani," akasema kwenye kipaza sauti, "hii ni shampeni au togwa?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Niliinamia viatu vyangu. Neno moja tu lingeniokoa, lakini singeweza kumwaibisha mama siku ya bintiye. Niliumia, sifichi.

Mama mkwe akaninong'oneza, "Mbona imechafuka?"

"Zilitakiwa zikae kichwa chini, mama. Uchafu ulikuwa umeshuka shingoni."

Kisha akainuka, akanyoosha kitenge chake, akamnyang'anya Masele kipaza sauti.

"Mvinyo huu ulikuwa safi," akasema. "Mimi ndiye niliyeuchafua, kwa usafi wangu. Mkamwana wangu ameniona, na amekaa kimya kunisitiri."

Akachukua glasi, akainywa yote. Povu likampanda puani, akapiga chafya mara mbili.

"Masele, ongeza."

Mizabibu ipo hadi leo. Msimu huu ameniondoa kabisa kwenye ule ufa; anayezungusha chupa ni yeye. Jana Masele alikuja kusalimia, akainua moja aitazame, akaisimamisha wima juu ya jiwe.

"Irudishe kichwa chini!" mama akafoka. "Wewe umelelewa wapi?"