Mwalimu Anakuja Kusukwa

Mfadhili alipokunja jamvi, mratibu aliwakusanya wanafunzi wa vituo vyote vitatu akawaambia mtandao wao wa elimu ya watu wazima umefika mwisho. Posho ya mwalimu wao mmoja wa vituo vyote hakuna tena, wala vitabu vya kupokezana. Watu walitawanyika, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Msusi mmoja wa kituo cha kwanza jambo hilo lilimkaa rohoni. Alikuwa na wajukuu tayari, kusoma ameanza ukubwani, na ndiyo kwanza alikuwa anaunganisha silabi bila kushikwa mkono. Basi shemeji yake alipomnong'oneza kwamba kituo cha pili, kule kwenye tanuri la mikate, watu bado wanasoma kwa sauti kila jioni, alitikisa kichwa.

"Lisemwalo lipo, shemeji. Fungu letu wamepewa wao."

Kesho yake akaenda, akijifanya mnunuzi wa mkate. Kweli, nyuma ya magunia ya unga watu walikuwa wameukodolea macho ubao. Mwokaji, mama wa makamo aliyejaa unga hadi viwikoni, akasimama mlangoni akaziba njia.

"Shoga, umetumwa?"

"Nitumwe na nani? Nimekuja kumwona huyo mwalimu mnayemficha."

"Sisi?" Mwokaji akacheka kicheko kikavu. "Hapa tunafundishana wenyewe, kipofu kamshika kipofu. Mwalimu mnaye nyie. Kila Alhamisi anaingia saluni kwako, mlango unarudishwa, hatoki mpaka jioni. Unadhani hatuoni?"

"Anakuja kusukwa."

"Na akisukwa, mdomo nao unafungwa?"

Hapo msusi akajishtukia. Maana kila Alhamisi mwalimu, kichwa kimeinama, humwambia amsomee maandishi ya kopo la mafuta ya nywele, na akikosea humrekebisha. Yeye hayo aliyaita maongezi.

"Basi njooni Alhamisi," alisema mwishowe. "Mje na mabenchi. Kwangu viti ni viwili tu."

Walikuja kweli. Mwalimu, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akawafundisha wote. Mwokaji alikaa karibu, na kila mwalimu alipomnong'oneza msusi jambo, aliacha kusoma akatega sikio.

Naye msusi, vidole vikiendelea na kazi, alikuwa akiwatazama wageni mmoja mmoja, akijiuliza kule kwenye tanuri amebaki nani, na anafundishwa nini.